Bunia: gari lililoongezewa nguvu litapita wapi siku moshi utakapopimwa?

Mwaka 2025 Rwanda ilianza upimaji mpya wa moshi wa magari na pikipiki katika vituo vyake vya kontrole tekniki. Gari likifika kituoni halitazamwi breki, taa na magurudumu tu. Moshi wake nao unapita kwenye mashine. Kwa wenye magari wa Bunia, habari hiyo si ya mbali. Siku kipimo kama hicho kitakapofika Ituri, wa kwanza kuhangaika watakuwa wale ambao magari yao yalibadilishwa gareji ili yapate nguvu zaidi ya ile iliyotoka kiwandani.

Na si watu wachache. Fundi wa Bunia anayeongeza nguvu ya injini hafanyi hivyo kwa ajili ya mashindano ya mbio. Anafanya hivyo kwa sababu ya barabara. Shofa anayepakia mzigo kuelekea Mahagi kwa RN27, au anayeteremka Komanda kuingia RN4, anajua maana ya kukwama kwenye tope. Kwenye RN27 kuna hofu ya wapiganaji wa CODECO, na upande wa RN4 kuna hofu ya ADF. Gari lisilo na nguvu ya kupanda mlima likiwa limejaa linaweza kumgharimu mtu mzigo wake, hata maisha yake. Ndiyo maana akifika gareji anaomba nguvu kwanza, na moshi hauulizi.

Fundi anayo njia ya kumpa nguvu hiyo. Kwa lori la mazuti, anafungua skrubu ya pompi ili mafuta mengi zaidi yaingie kwenye injini. Kwa gari dogo la esansi, anakata katalizere, kile chombo kilichofungwa kwenye bomba la moshi ili kupunguza sumu, akisema kinaziba pumzi ya injini. Kwa magari mapya kidogo, kompyuta ya injini inaandikwa upya na taa ya onyo kwenye dashibodi inazimwa. Kwa moto, bomba la asili linatolewa na kuwekwa jingine lenye kelele.

Kuna jambo moja ambalo mara nyingi linasahaulika gareji. Bunia iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1.200. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Matadi kwa zaidi ya asilimia 10. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kidogo kuliko ilivyokusudiwa. Ukiiongezea mazuti wakati hewa imepungua, sehemu ya mafuta hayo haiungui. Inatoka nyuma kama masizi meusi. Shofa anadhani amenunua nguvu, kumbe sehemu ya pesa yake inapotea hewani, na watu waliokaa kando ya bulevari ya Libération ndio wanaoivuta.

Kipimo chenyewe hakina uchawi. Kwa gari la mazuti, injini ikishapata moto, mpimaji anakanyaga aksele hadi mwisho gari likiwa limesimama, na mashine inatazama ni mwanga kiasi gani unaopita katikati ya moshi. Katika Ulaya, magari ya zamani yasiyo na turbo hayaruhusiwi kupita alama 2,5 na yenye turbo alama 3. Yaliyotengenezwa baadaye yanatakiwa kubaki kwenye 1,5 au chini zaidi. Kwa gari la esansi, mrija unaingizwa kwenye bomba ili kupima kaboni monoksidi, ile gesi isiyo na harufu inayoua watu waliofungiwa ndani na jiko la makala. Gari la zamani lisilo na katalizere linaruhusiwa kati ya asilimia 3,5 na 4,5 injini ikiwa inanguruma polepole. Lenye katalizere linatakiwa kubaki kati ya 0,3 na 0,5. Tofauti hiyo inaonyesha kile anachokipoteza mwenye gari anapokubali chombo hicho kikatwe.

Je, gari lililobadilishwa linaweza kupita? Mengi yanaweza. Lori la mazuti mara nyingi halihitaji injini mpya: skrubu ya pompi ikirudishwa mahali pake, chujio la hewa likibadilishwa, injekta zikasafishwa na oili mpya ikatiwa, moshi mweusi unapungua sana. Moshi wa buluu ni habari nyingine, maana unaonyesha kwamba injini inakula oili na imechakaa. Gari la esansi lililokatwa katalizere ndilo lenye shida kubwa zaidi, kwa kuwa kipuri hicho ni ghali na cha mtumba mara nyingi kimekwisha kazi.

Mafuta si kisingizio kikubwa kama zamani. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia mazuti yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na mafuta yanayoingia Ituri kupitia Uganda yanafuata njia hiyo. Lakini esansi inayouzwa kwa chupa na akina Kadhafi kando ya barabara inaweza kuingiwa na maji na vumbi, na hapo hata injini nzuri inatoa moshi mbaya.

Vilevile si haki kumtupia fundi wa Bunia lawama zote. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilitangaza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje magari madogo ya mtumba milioni 14, na asilimia 80 yalikwenda katika nchi maskini na za kipato cha kati. Mwaka huohuo, wakaguzi wa Uholanzi walitazama magari yaliyokuwa yakisubiri meli kuja Afrika. Mengi hayakuwa na cheti halali cha ukaguzi, na mengine yalikuwa yametolewa katalizere kabla hata ya kuondoka. Gari la aina hiyo linafika kwa mnunuzi wa Bunia likiwa limeshashindwa.

Hatari nyingine ni karatasi. Kongo ina kanuni ya barabara tangu sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na kila shofa anajua kwamba kontrole tekniki ni moja ya makaratasi anayoombwa barabarani. Cheti kinachopatikana bila gari kupimwa hakisafishi hewa ya mtu. Udanganyifu huo hauko Afrika tu: mwaka 2015 kampuni ya Volkswagen ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yaliwekewa programu inayotambua kipimo na kupunguza sumu wakati wa kupimwa tu. Tofauti ni kwamba kule waligundulika kwa sababu kulikuwa na mashine za kupima tena barabarani.

Uganda nayo inatoa funzo. Serikali yake iliipa kampuni ya SGS kazi ya ukaguzi wa lazima, vituo vikajengwa, lakini wenye magari walilalamikia ada na Bunge likasimamisha mpango huo mwaka 2017. Vifaa vilikuwepo, imani ya raia ndiyo iliyokosekana. Ituri, jimbo lililo chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021 na ambalo shofa wake wanalalamikia vizuizi na malipo ya kila namna, haliwezi kuanza na faini na kutegemea matokeo tofauti.

Njia inayoweza kufaa ni kuanza na mashine kabla ya adhabu. Miezi ya kwanza iwe ya kupima tu: shofa apewe namba yake kwenye karatasi na muda wa kurudi gareji. Malori, mabasi na magari ya taksi yaanze, maana ndiyo yanayozunguka mchana kutwa. Mafundi wafundishwe kurekebisha pompi kulingana na mwinuko wa mji. Ada ijulikane na ibandikwe ukutani.

Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka moshi wa injini za mazuti katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Wamama wanaouza ndizi kando ya bulevari, wanafunzi wanaotembea kwenda shule na wamotari wanaofuata nyuma ya malori hawana gareji ya kupeleka mapafu yao. Kwao, kipimo cha kweli kina faida tangu siku ya kwanza. Kwa shofa, faida itakuja akiona lori lile lile linapanda mlima na mazuti yanabaki kwenye tanki.