Jaketi Si Dawa ya Jua

Wapo vijana wa Arua na Koboko wanaokimbia mchana wa Januari wakiwa wamevaa jaketi nzito, ati mwili uzoee joto. Napinga.

Watanitajia Don Thompson, Mwingereza aliyefanya mazoezi bafuni kwake na nguo nzito, katikati ya hita na mvuke, kisha akashinda matembezi ya kilomita 50 katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Lakini Thompson aliishi kwenye baridi. Alitafuta joto ambalo sisi tunalo bure.

Jasho hupoza mwili linapokauka kwenye ngozi. Jaketi hulizuia lisikauke: maji yanapotea, joto linabaki ndani. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa wakipunguza uzito kwa mazoezi makali ndani ya nguo zisizopitisha hewa. Nao walikuwa vijana wa rika letu, wenye afya.

Anayetaka kulizoea jua avae fulana nyepesi, anywe maji, aongeze muda kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi. Kocha anayeamuru jaketi hapimi uwezo wa mwanariadha. Anacheza na uhai wake.