Mtoto na Majuma Yake



Juma hili tuzungumze habari ya mtindio wa ubongo, yaani ule ulemavu unaokaza miguu au mikono ya mtoto, akachelewa kukaa na kutembea, na pengine asiweze kusema vizuri. Tangu Arusha mjini mpaka vijiji vya mlimani Meru, wako wanaosema ni laana, au kwamba mama alivunja mwiko. Maneno hayo huvunja nyumba, na tena si kweli. Kweli ni kwamba ubongo wa mtoto uliumia, au haukukua sawasawa, akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au akiwa bado mchanga. Na jambo moja linalohusiana sana na hayo ni hesabu ya majuma aliyokaa tumboni.

Jambo hili si geni. Mwaka 1862 daktari mmoja wa London, William John Little, aliandika habari za watoto wenye viungo vilivyokaza, akaonyesha kwamba wengi wao walizaliwa kwa shida au kabla ya siku zao.

Mimba huhesabiwa majuma 40, na mtoto aliyezaliwa kabla ya juma la 37 ndiye tumwitaye njiti. Hesabu zilizokusanywa na kutolewa mwaka 2008, nyingi zikitoka nchi tajiri, zilionyesha hivi: katika watoto 100 waliozaliwa kati ya juma la 22 na la 27, kama 14 walipata mtindio wa ubongo. Waliozaliwa juma la 28 mpaka la 31, kama 6. Juma la 32 mpaka la 36, hakutimia hata mmoja katika 100. Waliotimiza siku zao, kama mmoja tu katika 1,000. Huko Norway nako walichunguza watoto zaidi ya 1,600,000 waliozaliwa kati ya mwaka 1967 na 2001, juma la 37 na kuendelea. Wakaona hatari ni ndogo kabisa juma la 40, na juma la 37 ni karibu mara mbili yake. Mtoto akipita mpaka juma la 42, hatari hupanda tena kidogo.

Sababu yake ni nini? Mishipa ya damu iliyo ndani ya ubongo wa njiti ni laini mno. Pumzi ikipungua au damu ikienda mbio, hupasuka upesi, na njia za kupeleka amri miguuni huharibika.

Lakini sasa sikilizeni habari za jirani zetu. Mwaka 2015 watoto zaidi ya 31,000 walichunguzwa huko Iganga na Mayuge, Uganda. Wenye mtindio wa ubongo walikuwa karibu 3 katika kila 1,000, wengi kuliko Ulaya, lakini njiti kati yao walikuwa wachache sana. Je, njiti wa huko wana bahati? La. Wachunguzi walifikiri kwamba wengi wao hufa kabla ya kuhesabiwa. Na kama robo ya wale wenye ulemavu waliumia baada ya siku zile za kwanza za uchanga, kwa maradhi kama malaria iliyopanda kichwani.

Basi tufanye nini? Mama aandike siku ya kwanza ya damu yake ya mwisho, aende kliniki mapema, asingoje tumbo lionekane. Uchungu ukianza kabla ya wakati, afike hospitali kubwa upesi. Kabla ya juma la 32 iko sindano ya magneziamu inayoweza kuukinga ubongo wa mtoto, lakini lazima ichomwe kabla hajazaliwa. Kwa hiyo baba aliye Ngarenanyuki, nyuma ya mlima, aweke nauli mapema. Njiti akizaliwa, akae kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Macho yakigeuka manjano, asichelewe kupelekwa kwa daktari.

Akikua, mhesabieni umri tangu siku aliyopaswa kuzaliwa. Aliyewahi majuma 10, akitimiza miezi 6 mhesabuni kama wa miezi 4. Baada ya hesabu hiyo, kama shingo bado haisimami, miguu inapishana kama mkasi, au anatumia mkono mmoja tu, mpelekeni hospitali. Mazoezi ya viungo hayaondoi ulemavu, lakini yakianza mapema humsaidia sana. Tena msimfiche ndani. Pale Usa River kiko kituo cha Kanisa la Kilutheri ambako vijana wenye ulemavu hufundishwa kazi za mikono.

Kadiri hospitali zetu zinavyotengenea, njiti wengi zaidi watapona, na wachache wao watarudi nyumbani na udhaifu huu. Hao ni watoto waliookolewa. Wasipokewe kwa minong'ono. Nanyi akina mama wakwe, kabla ya kumnyoshea mkwe kidole, kumbukeni: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.