Kuzunguka Ziwa Victoria kwa basi: Daraja lipo, viza ndiyo kikwazo

MWANZA: Tangu Daraja la Kigongo-Busisi lenye urefu wa takriban kilomita 3 lizinduliwe Juni 19, 2025, basi la watalii linaweza kulizunguka Ziwa Victoria bila kusubiri kivuko. Njia ni Kisumu, Busia, Jinja, Kampala, Masaka, Mutukula, Bukoba, Geita, Mwanza, Musoma, Sirari na kurudi Kisumu. Ni safari ya siku saba au nane yenye mandhari nzuri, na kila usiku mji mmoja unauza vyumba, samaki na mafuta ya gari.

Tatizo ni karatasi. Viza ya pamoja ya watalii iliyoanza mwaka 2014 inagharimu dola 100 za Marekani na inadumu siku 90, lakini inatambuliwa na Kenya, Uganda na Rwanda tu. Mwenye nayo huingia na kutoka apendavyo ndani ya nchi hizo tatu. Akivuka Mutukula kuingia Tanzania, imekwisha kazi. Analipa dola 50 za viza ya Tanzania (Mmarekani hulipa 100), na akifika Sirari anahitaji kibali kipya cha kuingia Kenya, nchi aliyoanzia safari.

Kwa kampuni ya utalii, hesabu ni rahisi. Inakatisha ziara Mwanza, wageni wanapanda ndege, na basi linarudi Kisumu tupu. Dereva analipwa, dizeli inachomwa, ada za mpakani zinalipwa, abiria hakuna. Gharama hiyo inaingizwa kwenye bei ya tiketi, na Musoma, ambayo ingepata wageni wa usiku mmoja, inapitwa.

Bima si tatizo: Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kadi ya njano ya bima ya magari bado inatumika. Ugumu mwingine ni wa watu. Agizo la Tanzania la Julai 2025 liliwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwamo kuongoza watalii. Kenya ililalamika. Kwa hiyo kiongozi wa msafara kutoka Kisumu lazima akabidhi wageni wake kwa Mtanzania. Si jambo baya kwa ajira za Bukoba, ila mgeni analipia viongozi wawili.

Tanzania ina hoja yake. Ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya ziwa, Kenya ina asilimia 6 tu, na lango la Ndabaka la Serengeti liko kando ya barabara ya Mwanza-Musoma. Dar es Salaam haioni sababu ya kugawana mapato ya viza wakati kivutio kikubwa ni chake. Hoja hiyo ina nguvu kwa mtalii anayetua Kilimanjaro. Kwa anayekuja kwa basi kupitia Mutukula ni dhaifu, kwani huyo akiona gharama zimezidi hugeukia Kampala, na Bukoba haipati hata dola 50 zile.