Tukiliachia Soko Maji ya Shela, Tutakunywa Chumvi

Kila baraza siku hizi ina msemaji wa hoja hii: serikali haiwezi kazi, iondoe masharti yake, wenye mitaji watatuletea huduma. Wanaoiamini wajiulize maji wanayokunywa mjini Lamu yanatoka wapi.

Yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hunywea mchangani ikachujwa, na maji hayo matamu, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Kwa hesabu ya wataalamu, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huizuia chumvi takriban mita 40 chini. Piga pampu kwa pupa mpaka mita hiyo iishe, chumvi nayo hupanda.

Mwenye hoteli anayechimba kisima kikubwa huko hapati hasara upesi. Wageni wake wataoga na bwawa litajaa. Atakayeonja chumvi ni mama wa mitaa ya Langoni na Mkomani mjini, ambaye hakushiriki biashara hiyo. Bei haimjui mama huyo. Sheria inamjua: Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 inasema maji yote ni amana ya wananchi mikononi mwa serikali, na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa haki ya maji safi ya kutosha. Ondoa masharti hayo, itabaki mwenye nguvu mpishe.

Wanadai masharti ndiyo yanayozuia huduma. Basi waende visiwa vya Ndau na Kiwayu, ambako watu wameteseka kwa visima vya chumvi na jabia za kukingia maji zinazokauka mvua ikikosa. Ni sharti gani lililomkataza tajiri kuwapelekea mabomba? Hakuna. Hapeleki kwa sababu wavuvi wachache visiwani hawamrudishii mtaji wake. Mahali kama hapo, pasipo fedha ya umma hapana maji.

Ni kweli, mifereji ya umma hukauka, na vilima vya Shela vimevamiwa kwa ujenzi. Lakini uvamizi huo umeingia sheria ilipolegezwa au kufumbiwa macho. Anayeutumia kama ushahidi wa kuifuta sheria anamzawadia mvamizi.

Tudai mipaka ya vilima iwekwe na ilindwe, ujenzi ndani yake ukome, kila kisima cha binafsi kiwe na kibali na mita, na kampuni ya maji ya umma, LAWASCO, ipewe fedha na hesabu zake zisomwe hadharani. Afisa mzembe tunaweza kumfukuza na mwanasiasa tukamnyima kura. Chumvi ikishapanda kisimani, hakuna kura itakayoishusha.