Mfupa Haujui Kuringa

Kuna jamaa mmoja wa siku hizi, utampata gym, utampata TikTok, utampata hata kwenye meza ya harusi sahani ikiwa imemfurika. Anakwambia wafalme wa zamani walikula nyama tu, mboga zilikuwa za wakulima, ndiyo maana hao walitawala na wale wakatawaliwa. Halafu anatupia jicho sukuma yako. Kichwani ana filamu: ukumbi wa mawe huko Uingereza, mfalme mwenye ndevu, paja la mnyama mkononi, mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mimi nimechoka naye, na nina mifupa ya watu 2,023 ya kumjibu.

Watu hao walizikwa Uingereza kati ya karne ya 5 na ya 11. Mwanaakiolojia Sam Leggett alichambua kemia ya mifupa yao, na mwaka 2022 yeye na mwanahistoria Tom Lambert wakachapisha walichokiona. Si uchawi. Mwili unajengwa kwa kile unachokula. Ndani ya mfupa kuna protini iitwayo kolajeni, na nitrojeni iliyomo ilitoka kwenye sahani. Sasa, atomu za nitrojeni hazina uzito mmoja. Zile nzito huongezeka kila ngazi ya ulaji inapopanda: nyasi zina kiasi chake, ng'ombe anayekula nyasi anazidi, na anayemla ng'ombe anazidi tena. Mfupa hujijenga upya polepole, kwa hivyo hausemi ulikula nini Jumamosi. Unasema umekuwa ukila nini kwa miaka.

Wakalinganisha waliozikwa na mali na waliozikwa mikono mitupu. Kama jamaa yetu anasema kweli, hapo pangekuwa na pengo la wazi. Hakuna. Hadhi ya mtu haikuendana na wingi wa protini ya wanyama aliyokula. Wakubwa kwa wadogo, wengi walishibishwa na nafaka.

Basi hadithi ya paja la mnyama ilitoka wapi? Ilitoka kwenye maandishi, pale pale tunapoambiwa ndipo historia ya kweli inapokaa. Sheria za Mfalme Ine wa Wessex, aliyeanza kutawala mwaka 688, zina orodha ya chakula ambacho eneo la ukubwa fulani lilipaswa kutoa: mikate 300, ng'ombe wawili au kondoo kumi, bata bukini 10, kuku 20, jibini 10, samoni 5, mikunga 100, asali, siagi, na pombe ya kutosha kulaza kijiji. Kwa miaka mingi wasomi waliisoma kama bajeti ya kawaida ya jumba la mfalme. Lambert na Leggett wakapiga hesabu: kila mgeni angekula zaidi ya kilo moja ya nyama kwa mlo mmoja. Nani anakula hivyo kila siku, bana? Wao wanaona hiyo ni karamu, tena karamu ambayo wakulima walioiandaa walikaa wakala pia.

Fikiria mtu aokote orodha ya kamati ya harusi kutoka kundi lako la WhatsApp (mbuzi 6, mchele magunia mawili, soda kreti 20), kisha aandike kitabu kwamba Wakenya wa karne ya 21 walikuwa wakila pilau ya mbuzi kila Jumanne. Ndivyo tulivyofanyiwa, na tukaamini.

Kuna atakayesema labda mfupa hauoni anasa. Unaiona vizuri sana. Richard III aliuawa vitani mwaka 1485, na mwaka 2012 mifupa yake ikapatikana chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Watafiti walipima jino, ambalo huhifadhi habari za utotoni, fupa la paja, linalobeba miaka mingi ya mwisho, na ubavu, unaobeba michache tu. Ubavu ukamchongea: alipopata kiti, ambacho alikikalia miaka miwili na ushei, chakula kilinona na mvinyo ukaongezeka. Kwa hivyo mtu akila kifalme kweli, itajulikana. Wale wa karne zilizotangulia hawakujulikana hivyo kwa sababu hawakula hivyo.

Na nyinyi wa upande wa pili, mlioshangilia ati wafalme walikuwa hawali nyama kabisa, tulieni pia. Hakuna aliyepima hivyo. Kolajeni haiwezi hata kutenganisha nyama na maziwa; vyote vinasoma kama protini ya mnyama. Tunachojua ni kwamba nyama haikuwa ukuta kati ya tabaka na tabaka.

Kinachoniudhi ni kwamba hapa Nairobi ukuta huo tunaujenga leo, kisha tunautafutia mababu. Madondo ni chakula cha waliosota, choma ni cha waliofika, na anayekula omena anaifungua kona ya ofisi kama anayeficha kosa. Tunakopa mfalme wa Kizungu ambaye hakuwepo ili tumdharau jirani aliyepo.

Tena sayansi hii si ngeni kwetu. Mwaka 1986, Stanley Ambrose na Michael DeNiro walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya mifupa ya watu wa Afrika Mashariki na Kusini, na wakaonyesha kwamba kemia inaweza kumtofautisha mfugaji na mkulima, hata mfugaji wa ngamia na mfugaji wa ng'ombe.

Kwa hivyo kuna siku watakaotufukua watatupima. Kaboni itawaambia tulikula ugali, ingawa haitawaambia kama ulikuwa wa mahindi, mtama au wimbi, maana mimea hiyo mitatu huacha alama ya aina moja. Na nitrojeni itawachanganya wenye kuringa. Majini ngazi za ulaji ni nyingi: samaki hula samaki aliyekula samaki. Mbuta yuko karibu na juu kabisa. Minofu yake tunaiuza ng'ambo, na mama wa Kisumu anabaki na mgongo wazi, anaukaanga, anawalisha watoto. Maabara ya mwaka 3000 huenda ikasoma mifupa ya watoto hao juu ya ile ya bwana wa steki kule Westlands.