Watoto Wetu Walitoa Chembe, Tiba Imekwenda Kwingine



Kila inapotajwa tiba mpya ya saratani za damu zilizorudi baada ya kutibiwa, husemwa kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri, na kwamba mtu wa Mbamba Bay au Lituhi ahangaikie kwanza malaria na nauli ya kufika Litembo. Jibu hilo lina sura ya busara. Sisi tunalikataa, kwa kuwa linasahau tiba hiyo imesimama juu ya mabega ya nani.

Mgonjwa hutolewa damu, zikachujwa chembe nyeupe zinazoulinda mwili. Katika maabara hutiwa kinasaba kinachozifundisha kuitambua alama iliyo juu ya chembe ya saratani, zikazidishwa, kisha zikarudishwa mwilini mwa mgonjwa yule yule. Jaribio kubwa lililofungua njia lilihusu watoto na vijana ambao ugonjwa wao ulirudi au ulikataa kusikia dawa. Kati ya 75 waliotibiwa, asilimia 81 hawakuonekana tena na saratani ndani ya miezi mitatu. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba hiyo kwa bei ya dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Jaribio lilifanyika katika vituo 25 vya nchi 11 za Amerika ya Kaskazini, Ulaya, Asia na Australia. Afrika hakikuwapo hata kimoja.

Lakini Afrika ilikuwapo zamani, ilipohitajiwa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya unaowaua watoto. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari hadi kusini mwa bara hili, akaona kwamba ugonjwa hufuata nchi za joto na mvua, zile zile za malaria. Na mwambao wetu wa Nyasa ni nchi ya namna hiyo. Mwaka 1964, katika vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kwa ndege kutoka Uganda, Epstein, Achong na Barr waliona kirusi. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini, hapa hapa Tanzania, walipewa klorokwini ili ijulikane kama kupunguza malaria kungepunguza saratani hiyo. Tena mwaka 1963, huko Nigeria, zilichukuliwa chembe katika taya ya mtoto wa miaka 11. Chembe hizo zinazaliana maabarani hadi leo, nazo ni miongoni mwa zile ambazo wataalamu huzitumia kupima kama chembe za kinga zilizofundishwa zinaua saratani kweli. Yaani saratani ya mtoto wa Kiafrika imekuwa kipimo cha tiba, na mtoto wa Kiafrika amebaki nje ya mlango.

Hatudai tiba hii ianze Litembo kesho. Ina hatari zake, homa kali na kuchanganyikiwa akili, na huhitaji wodi ya wagonjwa mahututi. Uvimbe wa Burkitt ukiwahiwa huweza kupona kwa dawa za kawaida, kwa hiyo dai la kwanza ni dawa hizo, pamoja na safari ya Muhimbili, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka ziwani. Ila ugonjwa ukirudi, mzazi wa Liuli ashike njia gani? Wasituambie bei haishuki: mwaka 2023 India iliidhinisha tiba iliyotengenezwa na wataalamu wake wenyewe, kwa takriban sehemu moja ya kumi ya bei ya Marekani.

Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia linataka makundi yaliyosahauliwa katika utafiti yapewe nafasi ya kushiriki. Basi anayekuja kuomba damu ya watoto wetu aandike kwanza katika mkataba nini kitawarudia. Na viongozi wa walei wawaulize wabunge: katika Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, saratani ya mtoto iliyorudi imewekwa wapi?

Wakati majibu yakisubiriwa, mtoto ambaye taya lake linavimba au meno yanalegea bila sababu apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo. Jumuiya ichangie nauli. Asisubiri fedha za usipa.