Herufi yenye mkia: µ si m



Asubuhi moja mfanyakazi wa kiwanda cha kobalti aliingia dispanseri akitetemeka. Mkononi alishika karatasi ya matokeo ya mkojo wake, iliyoandikwa kwa ordinatere: kobalti 9 mg kwa litri. Mtoto wake, mwanafunzi, alimwambia: «Papa, hii ni sumu mingi sana.» Usiku mzima nyumba haikulala. Tulitafuta karatasi ya kwanza ya laboratware. Ilisema 9 µg, maana yake kidogo mara 1000.

Kosa lilitoka wapi? µ ni herufi ya Kigiriki, jina lake «mu». Mbele ya gramu inaonyesha sehemu moja ya milioni. Herufi ndogo m inaonyesha sehemu moja ya elfu. Waandishi wengine wa mashine hufinya m ya kawaida, kisha huivika sura ya herufi zinazoitwa Symbol. Machoni ni µ, lakini ndani ya mashine ingali m. Maneno yakihamishwa katika karatasi nyingine bila sura ile, vazi linaanguka, m inabaki. Mafundi wa umeme pia wajihadhari: kwa njia hiyo Ω ya omu hugeuka W ya wati.

Kuna wanaosema: «Si neno, munganga anajua.» Mimi sikubali. Munganga anajua, lakini karatasi inafika kwa muuguzi wa usiku aliyechoka, inafika nyumbani kwa mama na watoto. Digoxin, dawa ya moyo, ina kidonge cha mikrogramu 250. Karatasi ikisema miligramu 250, hiyo ni vidonge 1000. Dawa hii ikizidi, inaua.

Basi naomba mambo matatu.

Kwanza, juu ya karatasi ya dawa na ya matokeo tuandike neno zima: mikrogramu. Wino hautaisha kwa sababu hiyo.

Pili, mwenye kuhitaji µ aandike µ ya kweli. Klavye za Kifaransa na za Kibeleji zina µ karibu na Enter. Kwenye ile ya Kifaransa inafinywa pamoja na tushi ya herufi kubwa. Kama haipo, katika Windows shika Alt, andika 230 kwa namba za upande wa kuume, kisha achilia. Baadaye soma tena karatasi iliyotoka, ukiilinganisha na ile ya kwanza.

Tatu, wewe unayepokea karatasi: hesabu ikikushangaza, usimeze dawa, wala usilie nyumbani. Rudi uulize. Yule baba alirudi kuuliza, na usiku uliofuata alilala.